Kompyuta ya Tatu

Mzee Farasi hakuwa na ugonjwa wowote ila mmoja, wa kutaja vipimo vya gari lake. Ukimsalimia anakuitikia vizuri, anakuuliza habari za nyumbani, na kabla hujamaliza kujibu keshaanza: injini ya silinda nane, nne huku na nne huku, lita tano, nguvu ya farasi mia tatu na sita, giaboksi otomatiki ya gia tano, springi za hewa magurudumu yote manne, viti vya ngozi vinavyopashwa joto, milango inayojivuta yenyewe ikijifunga. Farasi hao mia tatu na sita ndio waliompa jina. Watu wengine wakimwona anakuja walihamia upande wa pili wa barabara, si kwa ubaya, ila walikuwa na haraka zao.

Alikuwa dereva. Miaka kumi na minane alimwendesha mkurugenzi wa kampuni moja ndani ya gari hilohilo, na siku alipostaafu kampuni ikampa gari. Walijua wanachofanya. Waliondoa wazee wawili kwa mkupuo mmoja, na wakapigiwa makofi juu yake.

Magonjwa ya gari Mzee Farasi hakuyatia kwenye orodha yake, maana nani anatangaza aibu ya nyumbani? Lakini magonjwa yalijitaja yenyewe. Springi za hewa zilivuja, na kila asubuhi gari lilikutwa limelalia bega la kushoto mpaka liwashwe, lipumue, lisimame. Pampu ya maji ilikuwa imebadilishwa mara mbili. Dirisha moja la nyuma lilishuka mwaka juzi likakataa kupanda, likapandishwa kwa mikono na kuwekewa kabari ya mbao. Na petroli, tusiseme. Yote hayo aliyavumilia. Lililomshinda lilikuwa la gia.

Gari likiwa baridi halikuwa na neno. Likishapata moto, na hasa likiona mlima, linajikwaa mara moja, taa ya njano inawaka kwenye dashibodi, na kuanzia hapo linang'ang'ania gia ya pili. Unakanyaga, linanguruma, haliendi. Farasi wote mia tatu na sita wanapiga kelele zizini na hakuna anayetoka. Siku moja mwenye baiskeli alimpita Mzee Farasi mlimani, akageuka na kumpungia mkono. Mzee alikaa na jambo hilo wiki nzima bila kumwambia mtu.

Ndipo akalizunguka jiji zima kutafuta fundi, akaangukia kwenye gereji ya ndugu wawili, kaka na dada, walioachiwa na baba yao. Kaka alishika injini, wateja na funguo. Dada, ambaye kila mtu alimwita Mama Waya, alishika umeme wa magari. Ofisi ndogo ya mbele ilikuwa chini ya mke wa Kaka. Mama Waya alimwita wifi, na wateja walimwogopa kidogo.

Sifa kubwa ya gereji hiyo ilikuwa usafi, na usafi huo ulikuwa wa Kaka. Sakafu ilipakwa rangi ya kijivu na kupigwa deki kila jioni. Kila spana ilikuwa na kivuli chake kilichochorwa ukutani, na ole wako uirudishe kwenye kivuli cha jirani. Sheria ya kwanza ya nyumba ilikuwa hii: hakuna kifaa kinachopanda mezani kikiwa kichafu. Kikitoka garini Kaka alikipokea mwenyewe, akakisugua kwa brashi na petroli, akakikausha kwa kitambaa, ndipo akakipeleka kwa mwenye kazi. Baba yao alifanya hivyohivyo. Wateja walikuja na mashati meupe na kuondoka nayo yakiwa meupe, na hilo gereji nyingine za mtaa hazikuweza kulisema.

Mama Waya alikuwa na kona yake karibu na dirisha, mahali jua la asubuhi linapoingia. Meza ya mbao, mita ya kupimia umeme, taa ndogo ya majaribio, chuma cha kulehemu, na nyaya za rangi zote zikining'inia ukutani. Alikuwa amekaa hapo miaka ishirini na miwili. Nyumbani alisahau mpaka sufuria jikoni, lakini kwenye meza ile hakuwahi kupoteza hata skrubu moja.

Jumanne gari la Mzee Farasi liliporudi likivutwa kwa kamba, kwa mara ya tatu, kona hiyo ilikuwa imebakiziwa siku sita.

Habari yenyewe ilikwenda hivi. Ndani ya gari la namna ile kuna kompyuta ya gia, kisanduku cha bati chenye ukubwa wa kitabu, kinachokaa chini ya zulia miguuni pa abiria wa mbele. Kazi yake ni kuiamuru giaboksi lini ipande gia na lini ishuke. Ile ya kwanza, iliyotoka na gari kiwandani, Kaka aliitoa, akaiosha, akamletea dada yake. Mama Waya akaipima, mita ikakaa kimya, akasema imekufa. Ikatafutwa ya pili kutoka gari jingine la aina hiyo. Ikafanya kazi miezi miwili. Ikatolewa, ikaoshwa, ikapimwa, akasema imekufa. Ya tatu ilifanya kazi siku tisa.

"Mara mbili umesema imekufa, na leo utasema ya tatu," Kaka alimwambia. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililouma. "Dada, hata mimi naweza kusema imekufa. Mashine ya kusomea makosa inasema imekufa, nayo haihitaji meza wala dirisha."

"Mashine inasoma, haifikiri."

"Na wewe umefikiri nini?"

Mama Waya aliisogeza mita yake, akairudisha mahali pake.

"Jumatatu inakuja ile mashine ya kubadilishia matairi," Kaka akaendelea. "Itakaa hapa. Nimeshapima, inaingia sawasawa. Wewe utahamia ofisini, umsaidie wifi yako kupokea simu. Sikufukuzi, usinielewe vibaya. Umechoka tu."

Umechoka tu! Mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, anayeweza kumenya waya mwembamba kama uzi bila miwani, anaambiwa amechoka na mtu ambaye kila asubuhi anapanda ngazi tatu za ofisi akihema. Damu ilimchemka mpaka masikioni. Lakini chini ya hasira kulikuwa na kitu kibaya zaidi, nacho kilikuwa woga, kwa sababu hakujua kama kaka yake anakosea.

Mzee Farasi alikuwa amesimama kando, kofia mkononi. "Na mimi nimefika mwisho," akasema. "Nimeshaongea na muuza spea. Jumamosi atakuja kulichukua. Atalifungua pale pale kwake, injini kivyake, viti kivyake, milango..." Akaanza kuifuta kofia ambayo haikuwa na vumbi.

"Nipeni mpaka Ijumaa," Mama Waya akasema.

"Ufanye nini?" Kaka aliuliza.

"Bado sijui."

Wifi alitokeza kichwa kwenye mlango wa ofisi. "Mpe mpaka Ijumaa. Mashine yenyewe haijafika, hiyo meza inakudai chakula?"

Kaka hakuwa na desturi ya kubishana na mke wake mbele ya wateja. Wala nyuma yao. Alichukua funguo, akasema anakwenda kutafuta kompyuta ya nne, na akirudi ataitoa ile ya tatu, aioshe, ailete.

Mama Waya akakaa mezani kwake kusubiri, kama alivyosubiri miaka ishirini na miwili. Dakika tano, kumi. Akaitazama meza yake iliyong'aa. Halafu swali likamjia, swali la mtoto mdogo, hata akaona haya kuwa hakuliuliza mapema: kilichoziua ni nini? Alikuwa amepima kama zimekufa. Hakuwahi kupima zimekufaje. Na angewezaje? Alikuwa kama daktari anayeletewa maiti iliyokwisha kuoshwa na kuvikwa sanda, kisha anaulizwa kilichomuua.

Akainuka. Akachukua bisibisi, akaenda kwenye gari, akafungua mlango wa abiria.

"Humsubiri Kaka aje aitoe?" Mzee Farasi aliuliza.

"Leo hapana."

Akakunjua zulia, akafungua kifuniko, akashika kichwa cha nyaya kilichochomekwa kwenye kompyuta, akakivuta. Kikatoka na sauti ya kunyonya. Vidole vikawa vyekundu.

Kwanza alidhani amejikata. Akavisugua vidole, vikateleza. Akavinusa. Mafuta ya giaboksi, yana harufu yake, na yale yalikuwa yameungua kidogo. Yalikuwa yamejaa kwenye kichwa cha nyaya, yanachungulia kwenye kila tundu.

"Mzee, umewahi kumwaga mafuta ya gia humu ndani?"

"Mimi?" Mzee Farasi alitoa macho. "Ndani ya gari hili? Mkurugenzi mwenyewe sikumruhusu kunywa soda humu! Alikuwa anashuka, anakunywa, anafuta mdomo, anapanda!"

Alimwamini. Basi yamefikaje? Giaboksi iko chini, nje, upande wa pili wa bati, na kompyuta iko juu yake. Mafuta yanamwagika kwenda chini, kila mtu anajua. Mama Waya alilala chali juu ya ubao wa magurudumu, akajisukuma chini ya gari, akamulika. Pale nyaya zinapoingia kwenye giaboksi, ndani ya kichwa chao cha plastiki, kulikuwa na unyevunyevu. Akakichomoa. Vipete viwili vya mpira vinavyozuia mafuta, vyembamba kuliko pete ya ndoa, vilikuwa vimekauka na kupasuka. Mafuta yalikuwa yakipita hapo tone kwa tone, na yakishapita hayakudondoka chini. Yaliingia wapi?

Akashika waya mmoja, akaupasua ngozi yake katikati ya safari, mkono mzima kutoka giaboksi. Ndani, katikati ya nyuzi za shaba, mlikuwa mwekundu. Akapasua juu zaidi, karibu kabisa na zulia. Mwekundu. Mafuta yalikuwa yakipanda ndani ya nyaya, taratibu, kama mafuta ya taa yanavyoupanda utambi, nyaya kumi na tatu, usiku na mchana, mpaka ndani ya kompyuta. Ya kwanza ilichukua miaka mingi kujaa. Ya pili ilikuta nyaya zimeshalowa nusu, ikachukua miezi miwili. Ya tatu ilizikuta zimejaa, ikazama kwa siku tisa.

Alicheka peke yake chini ya gari, kicheko kikubwa kilichomfanya Mzee Farasi ainame kuangalia kama ameumia. Halafu kicheko kikamkauka. Kwa sababu alikumbuka ile ya kwanza na ya pili, jinsi zilivyowekwa mezani zikinukia petroli, na jinsi alivyosema imekufa bila kuuliza zilikuwaje zilipotoka garini. Fundi wa miaka ishirini na miwili! Aliona aibu kweli kweli, peke yake, akitazama tumbo la gari.

Aibu haikumzuia kufanya kazi. Aliichukua kompyuta ya tatu vilevile na uchafu wake, akaiweka juu ya meza. Tone jekundu likateleza juu ya mbao zilizokuwa hazijawahi kuona tone. Kisha akaenda kwenye kabati ambalo Kaka huhifadhi vitu vilivyokufa, kila kimoja kimefungwa kwenye gazeti na kuandikwa tarehe, akaitoa ile ya kwanza.

Kaka alirudi saa tisa na nusu, kompyuta ya nne kwapani. Aliona meza. Uso wake ukawa wa mtu aliyekuta mbuzi kitandani.

"Dada! Mafuta? Juu ya meza ya baba?"

"Njoo uone."

"Nione nini? Sheria ni moja tu hapa, moja! Ningeomba mbili ingekuwaje?"

"Kaka, njoo uone kwanza, halafu ugombe."

Akamwonyesha kichwa cha nyaya. Akamwonyesha waya uliopasuliwa, vipete vya mpira vilivyokufa. Kaka alisikiliza akiwa amefunga mikono kifuani. Aliposikia habari ya mafuta kupanda juu alitikisa kichwa, akasema labda mzee alimwaga. Mzee Farasi akaanza tena habari za soda ya mkurugenzi.

Mama Waya hakubishana. Alichukua kompyuta ya kwanza, ile iliyooshwa na Kaka mwenyewe, inang'aa kwa nje kama sahani ya wageni. Ilikuwa imezibwa kwa gundi na skrubu nne, na hakuna aliyewahi kuifungua, kwa kuwa kitu kilichokufa kinafunguliwa cha nini. Akazifungua skrubu nne mbele ya kaka yake, moja, ya pili, ya tatu, ya nne, akabandua kifuniko. Chini ya kile kibao cha umeme kulikuwa na dimbwi jekundu.

Wifi aliacha simu ikiita ofisini, akaja kuchungulia.

"Kwa hiyo ni mimi," Kaka alisema. "Mimi ndiye niliyeharibu."

"Si wewe uliyeharibu. Mpira ndio ulioharibu. Lakini wewe ulikuwa unaosha ushahidi, na mimi nilikuwa nakubali kuoshewa. Tumekosa wote wawili."

"Baba aliosha kila kitu."

"Magari ya baba hayakuwa na kompyuta, kaka."

Hilo lilimwingia, na kwa vile lilimwingia alikasirika zaidi. Akaisukuma kompyuta ya nne juu ya meza. "Basi funga hii, tuone."

"Hiyo irudishe dukani. Nitalirudishia gari hiihii ya tatu."

"Iliyokufa?"

"Haijafa. Imezama. Nitaitoa maji, yaani mafuta, nitaikausha, na Ijumaa tunapanda nayo kilima cha matangi. Mara tatu, mchana wa jua kali. Likigoma hata mara moja, sitangoja Jumatatu. Hii meza nitaibeba mwenyewe mpaka nje."

Maneno hayo yalimtoka kabla hajayapima. Alipoyasikia yakielea gerejini alitamani kuyarudisha mdomoni, lakini Kaka alikuwa keshayapokea kwa mikono miwili. "Sawa," akasema. "Ijumaa."

Jumatano na Alhamisi Mama Waya alifanya kazi bila kumwona mtu. Alibadilisha vile vipete vya mpira kwa vipya. Akazitoa nyaya zote kumi na tatu, akazitupa zile zilizolowa, akatandaza mpya. Lakini mpya nazo zingeweza kupandisha mafuta siku mpira ukichoka tena, kwa hiyo katikati ya kila waya alimenya ngozi, akaujaza risasi ya kulehemu mpaka nyuzi za shaba zikawa kitu kimoja kigumu, kisichopitisha hata jasho. Umeme ungepita hapo, mafuta yasingepita. Mara kumi na tatu, moshi ukimchoma macho. Kompyuta yenyewe aliifungua, akaiosha kwa spiriti na brashi laini ya kupakia rangi, akaianika dirishani juani akiigeuza kila upande. Kaka alipita pale mara kumi na mbili, kila mara ana kitambaa mkononi, kila mara anajizuia. Wifi alihesabu.

Alhamisi jioni aliichomekea mita. Mita ikaamka. Namba zikasimama pale zinapotakiwa kusimama. Hakumwambia mtu, akafunga kona yake na kwenda nyumbani, akala wali mkavu kwa sababu alisahau mchuzi jikoni ukaungua.

Ijumaa saa saba mchana, jua likiwa utosini, gari lilisimama mbele ya gereji, mabega sawa kwa vile lilikuwa limeshawashwa. Mama Waya alimpa Mzee Farasi ufunguo. Mzee akautazama, akaurudisha.

"Hapana," akasema. "Kama litagoma, lisigome mikononi mwangu. Endesha wewe, mama."

Kwa hiyo Mama Waya akaingia nyuma ya usukani. Kaka akakaa mbele kushoto kwake, miguu yake juu ya ile kompyuta, kama mtu aliyekalishwa shahidi. Wifi akafunga ofisi, akasema simu zitaita zenyewe, akaingia nyuma. Na Mzee Farasi naye akafungua mlango wa nyuma, akasita. Katika miaka yote ile hakuwahi kukaa kiti cha nyuma cha gari lile, hata mara moja. Akaingia polepole, akaweka mikono magotini, hakujua aipeleke wapi.

"Kumbe huku kuna nafasi hivi," akanong'ona.

Kilima cha matangi ya maji kilikuwa kirefu na kilipinda mara nne. Magari mabovu yote ya jiji yalikijua. Kabla ya kukifikia Mama Waya alizunguka mjini nusu saa nzima, kwenye foleni, jua likipiga bati, mpaka sindano ya joto ikakaa katikati na giaboksi ikawa ya moto kweli. Hakutaka baadaye mtu aseme lilipanda kwa kuwa lilikuwa baridi. Halafu akapiga moyo konde, akaelekeza pua ya gari mlimani.

Gia ya kwanza. Ya pili. Hapa ndipo. Sindano ya mzunguko wa injini ikapanda, ikapanda, na gari likatikisika kidogo, mtikisiko mmoja mdogo tu, na Mzee Farasi akafumba macho, na Kaka akashika mshikio wa mlango, na sindano ikashuka kwa ulaini, kwa sababu mtikisiko ule ulikuwa gia ya tatu ikiingia mahali pake.

"Tatu," Mama Waya akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Mbele yao lori la mchanga lilikuwa likitambaa, likitoa moshi. Kona ya pili ilikuwa imeisha, barabara ilikuwa wazi. Mama Waya akakanyaga mpaka chini. Giaboksi ikashuka gia mara moja, injini ikavuta pumzi, na silinda nane zote zikaitikia. Gari likaruka. Wifi akapiga ukelele. Lori likapita dirishani, likabaki nyuma, likawa dogo. Gia ya tatu, gia ya nne, mlima bado unapanda na wao wanaupanda bila jasho.

"Farasi mia tatu na sita!" Mzee Farasi alipiga kelele kutoka nyuma, amefumbua macho, machozi yanamtiririka. "Wote! Wote wako nje!"

Walipanda, wakageuza juu, wakashuka, wakapanda tena. Mara ya pili lori lilelile lilikuwa bado kwenye kona ya nne, na dereva wake aliwapigia honi ya salamu. Mara ya tatu Mama Waya aliimba, ingawa hakuwa na sauti ya kuimba. Taa ya njano haikuwaka.

Juu kabisa, chini ya matangi, alisimamisha gari na kuzima injini. Akashuka, akazunguka upande wa Kaka.

"Nyanyua miguu."

Akafungua zulia, akafungua kifuniko, akakichomoa kichwa cha nyaya. Hakukigusa ndani. Akamnyooshea kaka yake mkono, akisubiri kitu cha kufutia. Kaka alielewa. Akatoa leso nyeupe mfukoni, iliyopigwa pasi ikakunjwa mara nne, akaikunja ncha yake ikawa kama kidole, na kwa mkono wake mwenyewe akaipenyeza ndani ya kichwa cha nyaya, tundu baada ya tundu, mpaka la kumi na tatu. Akaitoa, akaiinua juani.

Ilikuwa nyeupe. Akaigeuza upande wa pili. Nyeupe.

Kaka aliikunja leso ile mara nne tena, akairudisha mfukoni. Wifi, nyuma, aliuma midomo kujizuia asiseme neno, na kwa wifi hiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko ya nyaya zote kumi na tatu. Mzee Farasi alikuwa ameshatoa simu anampigia muuza spea, anamwambia kwa heshima zote asisumbuke kuja kesho wala siku nyingine yoyote, na kwamba gari lina injini ya silinda nane, nne huku na nne huku.

Kisha Kaka naye akatoa simu. Akashuka garini, akasimama hatua mbili kutoka kwa dada yake, hakwenda mbali.

"Halo. Ile mashine ya matairi... Ndiyo, ya Jumatatu. Usiilete." Akasikiliza. "Najua nimepima. Nilipima vibaya, hapo hapana nafasi." Akasikiliza tena, na sasa alikuwa anamtazama Mama Waya usoni. "Hapana, si kwamba hapana nafasi tu. Pana mwenyewe. Anakaa fundi wangu wa umeme."

Katika miaka yote ishirini na miwili, mbele ya wateja, mbele ya majirani, hata mbele ya baba yao, alikuwa akimtambulisha kwa maneno yaleyale: huyu ni dada yangu, ananisaidia. Mama Waya alilisikia neno fundi likitoka kwenye kinywa cha kaka yake, akasimama pale chini ya matangi ameshika kichwa cha nyaya mkononi, analia na kucheka kwa pamoja, na wala hakujaribu kuficha.

"Rudisha huo waya mahali pake, fundi," Kaka akamwambia. "Twende tukafanye kazi."